Chakula cha Safari ya Kipini

Mueni alikosa mkutano mmoja tu, na ndio huo uliompa kazi. Siku hiyo alikuwa zamu ya mchana katika zahanati anakofanya uuguzi mjini Kilifi. Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe Pola na rafiki yao Japheth wamekaa barazani, chai imeshaisha, nyuso zao zina ile raha ya watu waliogawana kazi wakati mwenzao hayupo.

"Mimi nitashughulikia mtumbwi," alisema Pola. "Mwalimu atashughulikia ramani na maji, lini yanajaa na lini yanakupwa."

"Na mimi?"

Wanaume wakatazamana. Japheth, ambaye ni mwalimu wa jiografia na huogopa ugomvi kuliko mkaguzi wa shule, akajikohoza. "Wewe tumekupa chakula, dada."

"Nani aliwaambia mimi najua kupika?"

Hapo Pola akanyamaza, maana yeye ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa na ushahidi wa miaka kumi na zaidi kwamba mkewe hajui.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Walitaka kutoka hori la Kilifi, ule mkono wa bahari unaoingia ndani chini ya daraja, wapige makasia kuelekea kaskazini, ufuo hadi ufuo, mpaka Kipini, mahali Mto Tana unapomwaga maji yake baharini. Watu watatu, mtumbwi mmoja mrefu wenye ndubi, yaani magogo ya pembeni yanayouzuia usipinduke. Hakuna aliyewatuma. Pola alikuwa akifundisha wageni kupiga makasia kwenye hoteli moja kule Kikambala, na hoteli ilikuwa imefungwa kwa ukarabati. Shule ya Japheth ilikuwa inakaribia kufunga. Na Mueni alikuwa na likizo zilizorundikana mwaka baada ya mwaka hata ofisi ikaanza kumwandikia barua za kumsihi apumzike. Ndiyo hivyo. Watu wengine husafiri kwa sababu wana jambo huko waendako. Hawa walikuwa na nafasi, na mtumbwi.

Japheth alikuwa na mawazo yake kuhusu chakula, na aliyatoa bila kuulizwa. Alikuwa ametazama video nyingi za Wazungu wanaovuka maziwa ya barafu. Akaagiza kutoka Nairobi pakiti za chakula cha unga wanachobeba wapanda milima. Ukiukoroga kwa maji ya moto unakuwa wali kwa kuku, kwa mujibu wa picha. Akaongeza tambi za pakiti na biskuti. Mueni alishukuru sana. Kazi imekwisha, alijiambia, kabla hata haijaanza.

Wakaenda kuujaribu huo mlo kwa safari fupi ya Takaungu, kusini kidogo tu ya Kilifi. Asubuhi walikula biskuti. Mchana wakachemsha maji ufuoni, wakamimina, wakakoroga, wakangoja. Kile chakula kilikuwa na rangi ya wali na ladha ya bahasha. Pola alikula sehemu yake, akala ya Mueni, akala ile ya kesho yake, kisha akakaa kimya akitazama bahari kama mtu aliyefiwa. Alasiri walipomtafuta hawakumwona. Alikuwa kwa wavuvi waliokuwa wakichoma mihogo karibu na mashua zao. Alikuwa amewapa tambi zote na biskuti zilizobaki, akapewa mihogo mitatu na kipande cha papa mkavu, na alijiona amewapunja.

"Sikiliza," alimwambia mkewe huku akimmegea muhogo. "Hiki ndicho chakula. Mama yangu anakausha mihogo inakaa mwaka mzima. Nenda Adu akufundishe."

"Kwa nini usiende wewe?"

"Mimi nina mtumbwi wa kupaka lami."

Mueni alimtazama. Kulikuwa na kitu kilichofichwa mahali fulani katika maneno hayo, lakini muhogo ulikuwa wa moto na papa alikuwa amekolea chumvi, akaacha.

* * *

Adu iko ndani, mbali na bahari, nchi ya mashamba ya mahindi na mihogo. Mueni alishuka Marafa akiwa na leso mpya mkobani na sukari ya kumpelekea mkwewe, akachukua pikipiki, akafika kwa mama yake Pola vumbi likiwa limempaka mpaka nyusi.

Mama huyo aliitwa Kahaso. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ilikuwa imezoea kuita watu walio upande wa pili wa shamba, kwa hiyo hata akisema nawe ana kwa ana ilikubidi usogee nyuma kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kunywa maji kwanza." Alimngoja anywe. "Haya. Niambie habari ya kichaa hiki."

"Kichaa gani, mama?"

"Pola amenipigia simu. Ameniambia mke wake ameazimia kwenda Kipini kwa mtumbwi, na yeye kama mume hawezi kumwacha aende peke yake."

Maji yakampalia Mueni. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na alipokuwa akikohoa alipata nafasi ya kufikiri. Kwa hiyo hii ndiyo lami ya kupaka. Mtu mzima, kidevu kina mvi, bado anamwogopa mama yake kiasi cha kumsukuma mke mbele. Angeweza kusema kweli pale pale. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Lakini alipoyasikia yale aliyosingiziwa, kwamba kuna mwanamke ameazimia kwenda Kipini kwa mtumbwi, aliona wivu. Alitamani kuwa yeye.

"Ni kweli, mama," alisema. "Nataka kwenda."

"Kwa nini? Gari la kwenda huko si lipo?"

Mueni alifikiri jibu la kumpendeza mtu, akalikosa, akasema lililokuwepo. "Mama, mimi kila nikiamka naamkia wagonjwa. Silalamiki, ndiyo kazi yangu. Lakini nikienda sokoni mtu ananionyesha kidonda. Nikienda kanisani ananionyesha kidonda. Nikipanda gari, jirani ananiambia habari ya tumbo la mtoto wake tangu Mtwapa mpaka Kilifi. Nataka kwenda mahali ambapo, kwa siku chache tu, hakuna mtu awezaye kunionyesha chochote."

Kahaso, ambaye kwa muda wote huo alikuwa akiinua leso yake pole pole ili aonyeshe goti lililokuwa likimsumbua, aliishusha tena mpaka kifundoni.

"Sawa," alisema. "Hilo nalielewa."

Kisha Mueni akaanza kucheka, hakuweza kujizuia, na Kahaso naye akacheka, kuku wakatimka uani.

"Lionyeshe tu, mama."

"Hapana! Nenda Kipini kwanza. Goti litakungoja."

Kesho yake wakaanza kazi. "Bahari mimi siijui," Kahaso alimwambia. "Sisi watu wa huku tunalijua jua." Waling'oa mihogo, wakaimenya, wakaipasua vipande virefu, wakaianika juu ya jamvi mbele ya nyumba. Wakachuma majani ya kunde, wakayachemsha kidogo kwa chumvi, wakayakamua na kuyatandaza juani mpaka yakawa makavu kama tumbaku. Wakakaanga mahindi, wakayatwanga, wakapata unga wa rangi ya hudhurungi ambao hauhitaji moto tena. Ukiutia maji ya baridi na sukari unakunywa, ukiutia ufuta uliosagwa unaufinyanga na kuutafuna. Mueni alipenda huo kuliko vyote, maana haukumtaka ajue kupika.

Hawakukubaliana katika kila jambo. Mueni alitaka kukausha nyanya. Kahaso alisema nyanya ni maji yaliyovaa ngozi, ukiyakausha utabaki na nini? Mueni akazikata hata hivyo, akazinyunyizia chumvi, akaziweka juu ya bati. Zilipokauka Kahaso aliichukua moja kwa ncha za vidole, akaitafuna, akaangalia pembeni. Kisha akachukua nyingine.

"Hizi," alisema, "utaniachia kidogo."

Wingu liliwajia alasiri moja bila hodi. Mvua za masika zilikuwa karibu na zilikuwa zinajaribu mlango. Matone ya kwanza yalipoanguka walikimbia wote wawili, mmoja ameshika jamvi upande huu na mwingine upande ule, mihogo ikirukaruka katikati, goti limesahauliwa. Wakaingia ndani wakihema. Kahaso aliketi sakafuni, miguu ameinyoosha, akasema tangu Pola na ndugu zake waondoke hajawahi kukimbizana na mvua akiwa na mtu wa kushika upande wa pili.

Mueni akaanza kuokota vipande vya mihogo vilivyotawanyika, akivifuta kimoja kimoja kwa leso yake.

Siku ya kuondoka, Kahaso alimsindikiza mpaka njiani. "Beba hiki kidogo," alimwambia, akimpa furushi. "Kilichobaki nitakileta mwenyewe. Nataka kuuona huo mtumbwi. Usifikiri nimeshasema mwende."

* * *

Kahaso alikuja na pikapu ya jirani yake, mzee Mwaro, iliyokuwa ikienda Kilifi kuuza mahindi. Japheth ndiye aliyeiona kwanza ikishuka njia ya ufuoni, na alidhani ni ya mtu anayehama. Kulikuwa na magunia ya mihogo mikavu. Kulikuwa na ndoo ya unga wa mahindi, mkungu wa ndizi mbichi, nazi, vifurushi vya kunde, chupa za asali, kinu na mchi wake. Na juu ya yote, miguu imefungwa kwa kamba, kulikuwa na jogoo mwekundu aliyekuwa akiwatazama wote kwa dharau.

"Jogoo wa nini, mama?" Pola aliuliza.

"Wa safari. Mtakapofika mahali mkakosa kitoweo, mtamchinja. Mpaka wakati huo atawaamsha."

Mtumbwi ulikuwa majini, umepakwa lami vizuri, unang'aa. Pola alikuwa amefanya kazi yake, hilo halikataliki. Japheth naye alikuwa amepata jambo la maana sana: mapipa madogo ya plastiki ya buluu, yenye vifuniko vya kuzungusha, ambayo maji hayaingii hata mtumbwi ukizama. Wakapakia. Kwanza maji ya kunywa, maana chumvi ilikuwa pande zote. Kisha hema, jiko, kamba. Kisha chakula cha Kahaso. Wakapakia, wakapakia, na kila gunia lililoingia mtumbwi ulikwenda chini kidogo, mpaka ukingo wake ukawa karibu kuibusu bahari, na bado hakuna mtu aliyeingia.

Pola alimvuta mkewe kando. "Mwambie haviingii."

"Ni mama yako."

"Wewe ni muuguzi. Umezoea kuwapa watu habari mbaya."

Mueni alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda. Alimweleza Kahaso taratibu, kama anavyowaeleza jamaa za wagonjwa, bila kuzunguka na bila kukimbilia.

"Basi toeni maji," alisema Kahaso.

"Maji hayawezi kutoka, mama."

"Toeni yule mwalimu."

Japheth alicheka, halafu akaona kwamba hakuna mwingine aliyecheka.

"Ngojeni," alisema Kahaso. "Mnaniambia hakuna nafasi, lakini mimi sijakiona hiki chombo kwa ndani. Shusheni vitu nikakae nione."

Waliduwaa. Huyu alikuwa mwanamke aliyeishi umri wake wote bila kukanyaga maji yaliyompita magoti. Lakini Pola alikuwa tayari anashusha magunia, mbio mbio, kabla mama hajabadili mawazo au yeye mwenyewe hajayafikiri. Wakamvalisha boya la kifuani, wakalifunga juu ya leso. Alipoingia, mtumbwi ukatikisika, akashika ukingo kwa mikono yote miwili na kuita jina la marehemu mumewe. Kahaso alikataa kumwacha jogoo ufuoni na watu asiowajua, kwa hiyo naye akapanda.

Wakaanza kuvuka hori. Pola nyuma, Mueni mbele, katikati Kahaso na jogoo. Japheth alibaki kulinda magunia, na huenda alishukuru. Makasia yaliingia na kutoka. Daraja lilikuwa juu yao, magari yakipita na kunguruma kama kitu cha nchi nyingine. Walipofika katikati, pale maji yanapogeuka kijani kizito, Mueni aligeuka kutazama. Kahaso alikuwa ameachia mkono mmoja. Alikuwa ameutumbukiza majini mpaka kifundo cha mkono, na maji yalikuwa yakipasuka kati ya vidole vyake.

"Hakuna kelele," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Mueni amjue, aliisema kwa sauti ndogo.

Labda ni sauti hiyo iliyomvunja Pola. "Mama," alisema kutoka nyuma. "Safari hii si ya Mueni. Ni wazo langu mimi. Niliogopa kukwambia."

Kahaso hakugeuka. "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Ulipokuwa mdogo ulivunja mtungi wangu wa maji ukasema ni mbuzi. Siku ile ulimsingizia mbuzi. Safari hii umemsingizia mke. Angalau unapanda cheo." Akamgeukia Mueni. "Lakini wewe uliniambia ni kweli. Nawe ulikuwa unadanganya?"

"Wakati nasema ilikuwa uongo," Mueni alijibu. "Nilipomaliza kusema ikawa kweli."

Kahaso alicheka kwa sauti yake ileile ya shambani, mtumbwi ukayumba, jogoo akapiga mabawa, na Pola akalazimika kuzamisha kasia mpaka mpini kuuzuia usizunguke.

Upande wa pili walikaa mchangani kupumzika. Kahaso alitaka kujua watalala wapi njiani. Pola akamwambia: watalala Watamu, watapita Malindi, watalala Mambrui, kisha Ngomeni, halafu ile ghuba kubwa, Ungwana, kisha Kipini.

"Watamu yupo Kabibi, binamu yenu," alisema Kahaso. "Mambrui yupo Kambi, mtoto wa shangazi yako. Sasa mtapitaje Mambrui msilale kwa Kambi? Mtamwambia nini? Na Ngomeni si mbali na kwangu, naweza kufika mwenyewe."

Mueni alikuwa akichora mchangani kwa kidole, akaacha. "Mama, hebu rudia."

"Rudia nini?"

"Hao ndugu. Kila tunapolala kuna ndugu." Aliinuka kwa magoti. "Basi chakula kisipande mtumbwi. Kipande gari. Tunakigawa. Cha Watamu kikae kwa Kabibi, cha Mambrui kikae kwa Kambi. Sisi tunabeba cha siku moja tu, na cha ile ghuba utatuletea Ngomeni."

Pola alifungua mdomo ili aseme jambo la busara, akakuta limeshasemwa, akaufunga. Kahaso alikuwa ameshatoa simu yake na alikuwa akimpigia Kabibi, akipaza sauti kana kwamba Watamu pangefikiwa hata bila mtandao.

* * *

Waliondoka asubuhi ya bahari tulivu, jogoo amerudishwa Adu, na mpango ulifanya kazi vizuri kuliko walivyotaka.

Shida haikuwa kukosa chakula. Kabibi, mwanamke mcheshi anayeuza samaki Watamu, aliwapokea na furushi lao halijaguswa, kisha akakataa katakata walile. Angewezaje kuwapa ndugu mihogo mikavu nyumbani kwake? Akapika wali wa nazi na mchuzi wa changu. Asubuhi akawafungia mahamri na mbaazi za njiani, akarudisha furushi lao zima mtumbwini. Mambrui mambo yalikuwa kinyume. Kambi aliwakumbatia kwa nguvu sana, kwa muda mrefu sana, mpaka Mueni akaanza kushuku.

"Ile mihogo ya mama yenu," Kambi alisema hatimaye. "Tulionja. Watoto walionja. Halafu tukaendelea kuonja."

Alikuwa ameimaliza yote. Kuifidia aliwachomea mbuzi, na alimwita mtaa mzima uje kuwatazama watu wanaokwenda Kipini kwa mikono. Bibi mmoja alimvuta Mueni pembeni akamnong'oneza habari ya mgongo wake. Mueni aliusikiliza mgongo huo mpaka mwisho, na alishangaa kuona haukumkera. Alikuwa amechomwa na jua, mabega yanauma, viganja vina malengelenge, na yeye pia alikuwa na mgongo wa kuongelea. Wakalinganisha.

Ngomeni, Kahaso alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na maji kuliko alivyokuwa na sababu ya kuwa, na alipouona mtumbwi aliinuka na kuingia baharini mpaka magotini kuukamata. Hakuleta magunia safari hii. Alileta mapipa mawili ya buluu tu, yale ya Japheth aliyoachiwa Kilifi, ameyajaza mwenyewe: unga wa mahindi uliokaangwa na kuchanganywa na ufuta na sukari, mihogo iliyochomwa, vipande vya nyanya kavu, pakiti ndogo za sukari na chumvi ambazo Mueni alikuwa amemwonyesha namna ya kupima. Mapipa hayo mtu aliweza kuyainua kwa mkono mmoja.

"Vinaingia?" aliuliza.

"Vinaingia, mama."

Asubuhi, kabla hawajasukuma, alichota maji kwenye kikombe, akatia kinywani, akaupulizia mtumbwi manyunyu, na kusema maneno ya nyumbani kwao kwa sauti ya chini. Japheth, ambaye ni mzee wa kanisa, aliinamisha kichwa na kusema amina. Mueni alihisi manyunyu yamempata shingoni. Hakuyafuta.

Ghuba ya Ungwana haikuwa na ndugu. Ilikuwa pana, na mbele yao pwani ilijipinda ikaenda mbali mpaka ikawa mstari tu. Kufikia adhuhuri upepo uligeuka ukawajia usoni. Si dhoruba, ulikuwa upepo tu, lakini ukiacha kupiga makasia mtumbwi ulirudi nyuma, na ufuoni mawimbi yalikuwa yanavunjika vibaya, hapakuwa na pa kutia nanga. Japheth alianza kutapika. Pola, aliyewafundisha wageni wote wa Kikambala, alishikwa na mkakamao wa misuli ya paja, akawa anapiga kasia huku akiuma meno.

Hapo ndipo kazi ya Mueni ilipoanza kweli. Aliliweka kasia lake chini. Akakoroga pakiti ya chumvi na sukari katika chupa, akamnywesha Japheth funda kwa funda, akimhesabia kwa sauti kama mtoto. Akafungua pipa, akafinyanga unga kwa maji kidogo, akafanya vidonge vikubwa kama limau, akatambaa kwa magoti hadi nyuma na kumtia Pola kimoja mdomoni, maana mikono yake haikuweza kuacha kasia.

"Tafuna."

"Sina njaa."

"Sikukuuliza. Tafuna."

Akatafuna. Akamtia nyanya kavu, kwa ajili ya chumvi. Akamkanda paja kwa ngumi huku maji ya bahari yakiwapiga wote usoni. Kisha akarudi mbele, akashika kasia, akapiga kwa zamu yake na ya Japheth. Kila waliposikia mikono imeanza kufa aliliacha kasia na kuwalisha tena, mmoja mmoja, na yeye mwisho. Kuna wakati Pola aliita kutoka nyuma, "Mueni!" na alipogeuka akamwona amefungua mdomo wazi, kama kinda la ndege, anangoja. Alicheka mpaka akapoteza mpigo wa kasia.

Upepo ulitulia jua likiwa limeanza kwenda chini. Wakalala kwenye mchanga wa kisiwa kidogo cha mikoko ambacho hakikuwa na jina kwenye ramani ya Japheth. Yeye alikuwa amepata nguvu za kutosha kulalamikia jambo hilo.

Kesho yake, kabla ya mchana, Mueni aliona maji mbele ya mtumbwi yamebadilika rangi. Kijani kiliishia kwenye mstari, na ng'ambo ya mstari ule yalikuwa mekundu ya udongo, yamebeba majani na vijiti. Aliinama akayachota kwa kiganja akayaonja. Yalikuwa na chumvi, lakini chumvi iliyolegea. Chini yake kulikuwa na ladha ya mvua iliyonyesha mbali sana, kule bara, labda hata kwao Kitui.

"Ni Tana," alisema.

Pola aliacha kupiga kasia. Japheth akaweka ramani chini. Mtumbwi ukateleza wenyewe ukavuka mstari ule, nao wakabaki wakitabasamu, midomo imepasuka kwa chumvi, nywele zimesimama.

Mahali pa kushukia Kipini wavuvi waliwasaidia kuuvuta mtumbwi juu. Simu ya Mueni, iliyokuwa imezimwa ndani ya pipa, ilipowashwa ilianza kulia papo hapo.

"Mmefika?" Sauti ya Kahaso ilimfikia kila mtu pale ufuoni.

"Tumefika mama. Salama kabisa."

"Wote?"

"Wote. Hata mwalimu."

Mueni alimsikia akipumua. "Mmekula?"

"Bado. Kuna mvuvi ametupa samaki. Ndiyo nataka kupika."

"Utapika wewe?"

"Mimi, mama."

"Basi usikoroge sana," alisema Kahaso. "Samaki hapendi kusumbuliwa. Mpe Pola nimsalimie."

Mueni alimpa mumewe simu, akajifunga leso kiunoni, akaenda kuwauliza wale wavuvi kuni zinapatikana wapi.